Maigizo ya Mnong'ono na Utulivu wa Nafsi

Mwanamke aliyevaa koti jeupe la kitabibu ameketi mbele ya meza iliyopangwa vizuri, anatabasamu kidogo, na anamkaribisha mgonjwa wake kwa sauti ya chini ambayo mtu aliye chumba cha pili asingeweza kuisikia. Anafungua faili, na kalamu yake inakwaruza karatasi taratibu. Anauliza jina na umri, ananyamaza kwa muda utoshao jibu, anatikisa kichwa mfano wa mtu aliyesikia, kisha anaandika. Anavaa glavu, na mvutiko wa mpira katika vidole vyake unasikika waziwazi. Anawasha tochi ndogo, anaipeleka kulia na kuirudisha kushoto, huku akimwomba mgonjwa aifuate nuru kwa macho bila kugeuza kichwa. Anasugua vidole karibu na sikio la kulia, halafu karibu na la kushoto, na kuuliza iwapo sauti zimelingana. Anapapasa kipaji na mashavu kwa kipande cha pamba, na kila mara hulitaja jambo atakalolitenda kabla hajalitenda. Vipimo hivi ni vya kweli, na madaktari huvitumia kukagua neva za kichwa, ambazo ni jozi kumi na mbili. Lakini chumbani hamna mgonjwa. Mahali pake pamewekwa kamera, na mgonjwa mwenyewe yuko mbali, pengine katika nchi nyingine, amelala kitandani pake na spika masikioni, hana maradhi yoyote ya neva, anajua fika kuwa anayoyatazama ni maigizo, na kabla igizo halijafika nusu, usingizi uliomkimbia tangu alipozima taa umeanza kumrudia.

Maigizo ya namna hii yamejaa tele katika mtandao wa YouTube, na daktari si mhusika wa pekee. Yupo kinyozi achanaye na kukata nywele zisizoonekana; yupo fundi cherehani apimaye mabega na mikono kwa utepe wake; yupo mpokezi wa hoteli aandikaye jina la mgeni pole pole na kumweleza habari za chumba chake; yupo mkutubi, yupo muuguzi wa zamu ya usiku, yupo mpambaji apitishaye brashi laini mbele ya kamera. Yote haya huhesabiwa katika ukoo wa mambo yaitwayo kwa herufi nne, ASMR, na makusudio yake ni kuamsha mwilini hisia ambayo watu wengi walikuwa nayo tangu utoto wao pasipo kuwa na mtu wa kumweleza: msisimko mwanana uanzao utosini au kisogoni, ukateremka shingoni na katika uti wa mgongo, mara nyingine ukafika mabegani na mikononi, na nyuma yake ukauacha mwili mzima katika raha na utulivu. Mwaka 2010 Mmarekani mmoja, Jennifer Allen, aliipa hisia hiyo jina lake la sasa, jina refu lenye sura ya kitaalamu, kwa kuwa alitambua ya kwamba watu waliionea haya, na kwamba wangeizungumza kwa wepesi zaidi endapo jina lake lingetoa harufu ya maabara kuliko ya mahaba. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mojawapo ya video za kwanza kabisa za kunong'ona kwa makusudi ilikuwa imekwisha kutolewa na mwanamke wa Uingereza katika chaneli yake ya WhisperingLife. Na mwaka 2012 chaneli iitwayo Gentle Whispering, ya mwanamke mzaliwa wa Urusi aishiye Marekani, ilitoa video ambayo imetazamwa mara zaidi ya milioni 20.

Wengi wanaoyasikia haya kwa mara ya kwanza hudhani kuwa siri yote imo katika sauti, na dhana hiyo haikosi msingi. Lakini uchunguzi haukuishia hapo. Mwaka 2015 Emma Barratt na Nick Davis wa Chuo Kikuu cha Swansea, nchini Wales, walichapisha matokeo ya hojaji yao kwa watu 475 waipatao hisia hii, nao ukawa uchunguzi wa kwanza wa kitaaluma juu ya jambo ambalo mpaka siku hiyo wanazuoni walikuwa wakilipita kando. Walipoulizwa ni mambo gani huiamsha, asilimia 75 walitaja mnong'ono. Asilimia 69 walitaja kuangaliwa na kuhudumiwa na mtu kwa nafsi zao. Asilimia 64 walitaja sauti kavu, kama ile ya karatasi ikikunjwa au kucha zikigonga kitu kigumu. Na asilimia 53 walitaja mwendo wa taratibu. Mvumo wa ndege ya abiria, ambao nao ni sauti ya mfululizo isiyo na maneno, na ambao watu wengi hulala nao safarini, ulitajwa na asilimia 3 tu. Takwimu ile ya pili ndiyo niishikayo mimi. Naamini kwamba kiini cha maigizo haya ni ihsani, yaani mtu mmoja kumwelekea mwingine kwa nia njema, bila haraka na bila kumdai neno. Na kwamba sauti, mwendo na vyombo vyote vingine ni dalili ambazo kwazo mwili huitambua ihsani hiyo, hata pale akili inapojua kuwa aitoaye hayupo.

Tuutazame mnong'ono wenyewe. Mtu azungumzapo kwa sauti ya kawaida, nyuzi za sauti zilizo kooni hutetemeka, na mtetemo huo ndio uipao sauti nguvu ya kuvuka uwanja na kupenya ukuta. Anong'onapo, nyuzi hizo hazitetemeki. Pumzi tupu hupita katika uwazi mwembamba, na ulimi na midomo huikata ikawa maneno. Sauti ya namna hii haiwezi kusafiri. Kwa hiyo, tangu tulipozaliwa, kila mnong'ono tuliousikia kwa utimilifu ulitoka kwa mtu aliyekuwa karibu nasi kiasi cha kutugusa, na watu tuliowaruhusu kutukaribia hivyo walikuwa wachache: mama, bibi, ndugu wa kulala kitanda kimoja, rafiki wa siri, mwenza wa maisha. Mwili haukusoma vitabu ili kuyajua haya, bali uliyapata kwa mazoea ya miaka, na mnong'ono uingiapo sikioni hulegea kabla akili haijauliza mnong'onaji ni nani. Ajabu ni kwamba hata maneno yenyewe si sharti yaeleweke. Wapo wanaosikiliza Kijapani, Kikorea au Kirusi pasipo kujua neno hata moja, na wakalala vizuri kuliko wanavyolala kwa lugha yao, maana hawana haja ya kufuata maana.

Ukaribu huo hutengenezwa kwa ufundi. Wenye kazi hii hutumia maikrofoni mbili zilizotengana kwa kadiri ya upana wa kichwa, aghalabu zikiwa zimezungukwa na masikio ya silikoni yaliyofinyangwa kwa umbo la masikio ya mwanadamu, na kampuni ya Neumann ya Ujerumani hutengeneza kichwa kizima cha bandia, kiitwacho KU 100, kwa ajili ya kunasa sauti hivi. Sababu yake ni hii. Sauti itokayo upande wa kulia hulifikia sikio la kulia mapema kuliko la kushoto, kwa tofauti isiyotimiza hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, tena hulifikia kwa nguvu zaidi, kwa kuwa kichwa huukinga upande wa pili. Na ubongo, kwa tofauti hizo ndogo, huweza kutambua msemaji yuko wapi. Mwenye spika masikioni humsikia daktari wa maigizo akihama kutoka bega moja mpaka la pili na kupita kisogoni kwake, na wapo wanaosadiki kwa dakika moja kwamba wamesikia joto la pumzi. Video hiyo hiyo ikisikilizwa kwa spika ya simu iliyowekwa mezani hupoteza sehemu kubwa ya taathira yake.

Hata hivyo ukaribu peke yake hautoshi, kwani adui naye huweza kukaribia. Kitofautishacho ni mwenendo, na hapa ndipo igizo lilipo na fadhila kuliko sauti tupu za karatasi na kucha. Mwigizaji mzuri hatendi jambo kwa ghafula. Husema, "Sasa nitaweka mkono begani pako," kisha husubiri, kisha huuweka. Akimaliza kipimo kimoja hutoa habari kwamba mambo ni mazuri, na ndipo aanze kingine. Mpangilio wa kazi yake hujulikana tangu mwanzo, na kosa halina nafasi humo, wala lawama, wala mlango kugongwa na mtu mwenye haraka. Mtu mwenye wasiwasi, ambaye akili yake mchana kutwa imekuwa ikitazamia baya litakalofuata, hupata hapa nusu saa ambayo kila lifuatalo limetangazwa mbele na kila lililotangazwa limekuwa jema. Naye huulizwa maswali, jambo ambalo kwa fikira ya juujuu lingeonekana kuwa ni udhia, lakini maswali haya hayamdai jibu. Daktari hunyamaza, husikia jibu lisilotolewa, na huridhika nalo. Mwulizwaji hawezi kukosea. Wangapi kati yetu wamepata kuulizwa habari zao na mtu ambaye, kwa lolote watakalosema au wasilosema, ameazimia kuridhika?

Kuhudumiwa na binadamu aliye hai, hata kwa mapenzi makubwa kabisa, kuna deni ndani yake. Mgonjwa humshukuru muuguzi, humwonea haya kwa usumbufu, huchunga uso wake usimwudhi, huwaza atamlipa nini aliyekesha naye. Mteja wa kinyozi hulazimika kuzungumza habari za mpira na siasa asizozitaka. Mke aliyechoka huogopa kumwomba mumewe amkande mabega, asije akaombwa naye. Igizo huondoa madeni yote haya. Mtazamaji hupokea tu, na mamlaka hubaki mkononi mwake, kwani akichoka hufunga simu na hakuna atakayevunjika moyo mbele yake. Kwa watu walioumizwa na wengine, ambao mkono wa mtu halisi huwatia hofu badala ya raha, jambo hili si dogo.

Msomaji wa pwani hana haja ya kwenda mbali ili aielewe raha hii. Msichana anayesukwa nywele huketi mkekani kati ya magoti ya shangazi yake. Kitana huzigawa nywele mistari, ncha za vidole hupita na kupita tena katika ngozi ya kichwa, kila msuko huvutwa kwa kipimo kilekile, na mazungumzo ya wakubwa huendelea juu ya kichwa chake pasipo yeye kutakiwa kuchangia neno. Baada ya muda shingo hulegea, kichwa huinama, na shangazi hukinyanyua kwa viganja viwili na kuendelea na kazi. Mambo yote yaliyomo katika maigizo ya mnong'ono yamo humo: mkono wa mtu mwema, mwendo wa taratibu, kurudiwa kwa tendo moja, sauti za chini, na uhuru wa kutojibu. Wengi walioulizwa na watafiti wa Swansea walikumbuka kuipata hisia hii mara ya kwanza wangali watoto wadogo, na kuchezewa nywele ni miongoni mwa mambo yatajwayo sana na wenye kuijua.

Elimu ya maumbile ina neno la kusema hapa. Watafiti wa Gothenburg, nchini Sweden, wakiwamo Åke Vallbo na Håkan Olausson, walionyesha kuwa ngozi yetu yenye malaika ina nyuzi za neva za aina ya pekee, nyembamba na za mwendo mdogo, ambazo hazina kazi kubwa ya kutuambia ni kitu gani kimetugusa, ila huitikia zaidi mpapaso wa taratibu, wa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, ambao ndio mwendo autumiao mama anapompapasa mtoto pasipo kufundishwa na mtu. Mwaka 2011 India Morrison, Olausson na wenzao waliongeza jambo la ajabu zaidi: kwamba sehemu ya ubongo ipokeayo habari za mpapaso huo huamka pia kwa mtu anayetazama tu mkono wa mwingine ukipapaswa, na huamka vizuri zaidi mwendo ukiwa ule ule wa taratibu. Kwa maelezo haya, brashi inayopita mbele ya kioo cha simu, isiguse shavu la mtu yeyote, inaacha kuwa kichekesho. Jicho huweza kuonja sehemu ya kile ambacho ngozi ingekionja.

Tukirudi nyuma zaidi katika ukoo wa viumbe, tunawakuta nyani na sokwe wakichambuana manyoya kwa saa nyingi kuliko zihitajiwazo na usafi. Katika msitu wa Budongo, nchini Uganda, Catherine Crockford na wenzake walikusanya mikojo ya sokwe wa mwituni na kupima ndani yake homoni iitwayo oksitosini, ambayo kwa wanadamu huhusishwa na kunyonyesha, na mapenzi, na kuaminiana. Na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2013 walisema kwamba homoni hiyo ilikuwa nyingi zaidi baada ya sokwe kuchambuana na mwenziwe wa karibu, awe ndugu wa damu au asiwe, kuliko baada ya kuchambuana na yule asiyekuwa na urafiki naye. Craig Richard wa Chuo Kikuu cha Shenandoah, Marekani, ambaye amekuwa akiichunguza ASMR kwa miaka mingi, ametoa rai kwamba homoni hii, pamoja na nyingine zinazofanana nayo, huenda ndizo zifanyazo kazi katika maigizo ya mnong'ono. Ni rai ambayo bado haijathibitishwa kwa vipimo vya damu, lakini naiona yenye mashiko kuliko nyingine nilizozisoma.

Itaulizwa basi: ikiwa sokwe hupata utulivu huo kwa mwenziwe wa karibu hasa, mtu aupateje kwa mgeni aliye ndani ya kioo? Jibu ni kwamba baada ya usiku kadhaa mgeni huyo si mgeni tena. Mwaka 1956 wanazuoni wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika makala juu ya uhusiano wa upande mmoja, ambamo mtazamaji wa televisheni au msikilizaji wa redio humhesabu mtangazaji kuwa rafiki, ilhali mtangazaji hamjui hata kwa jina. Mmojawapo wa mifano yao ulikuwa kipindi cha redio kiitwacho Lonesome Gal, ambamo mwanamke asiyejitaja jina alizungumza peke yake kwa sauti nyororo, akimwelekea msikilizaji mwanamume kwa namna ya kumfanya aone kuwa wamo wawili tu chumbani. Horton na Wohl hawakuwadharau wasikilizaji hao. Walieleza kwamba mtangazaji wa namna hii ana sifa ambayo marafiki wengi hawana, nayo ni kutobadilika: huja kwa wakati wake, kwa tabia ile ile, na hatokei siku akaja na hasira. Wenye kutazama ASMR huwa na mazoea yayo hayo. Aghalabu huchagua waigizaji wawili au watatu na kurudi kwao mwaka baada ya mwaka, na wengi hurudia video moja waliyokwisha ijua kwa moyo, kwa kuwa kuijua ndiko kunakoiongezea nguvu.

Je, mwili kweli hutulia, au ni maneno ya mashabiki? Mwaka 2018 Giulia Poerio wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, na wenzake, waliwaleta maabarani watu waipatao hisia hii na wengine wasioipata, wakawaonyesha video, na wakapima mapigo ya mioyo yao na hali ya ngozi zao. Mioyo ya waipatao ilipunguza mwendo kwa wastani wa mapigo 3.14 kwa dakika, upungufu uliozidi ule wa wenzao. Wakati huo huo ngozi zao zilionyesha dalili za kuamka kidogo, na mchanganyiko huu wa moyo kupoa na ngozi kuchangamka unalingana na maneno ya wahusika wenyewe, wasemao kuwa husisimka na kutulia kwa pamoja. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, waliwalaza watu 10 ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo na kuwataka wabonyeze kitufe kila msisimko ulipowajia; na katika nyakati hizo sehemu zilizoamka ni zile zihusikazo na kuridhika, na hisia za mwili, na kuwafikiria watu wengine. Watu 10 ni wachache, na hakuna mwanachuoni mwadilifu atakayejenga hukumu kuu juu yao, lakini picha hizo zinaelekea upande ule ule ambao hojaji ya Swansea ilikuwa imekwisha uelekeza: palipo na msisimko huu, ubongo huenenda kama wa mtu aliye pamoja na mwenziwe.

Iko shutuma moja isiyofaa kunyamaziwa, nayo ni kwamba maigizo haya ni ashiki iliyofunikwa shuka. Dhana hiyo ilipata nguvu kiasi kwamba mwaka 2018 mamlaka ya China yenye kupambana na picha za uchafu iliagiza mitandao ya nchi hiyo isafishe video za ASMR. Zipo video za namna hiyo, kama ambavyo upo uchafu katika kila sanaa. Lakini katika watu 475 wa Swansea, asilimia 98 walisema hutafuta kupumzika, asilimia 82 hutafuta usingizi, asilimia 70 hutafuta nafuu ya mfadhaiko, na waliosema hutafuta matamanio ya mwili ni asilimia 5. Mtoto aliyesinzia magotini pa shangazi hakuwa na neno la haya.

Haifai pia kusema kwamba kila mtu atapata raha hii. Wako wengi wasiosisimka hata chembe, nao hawana kasoro yoyote. Wako wanaotulia bila kusisimka, ambao nawaona wamepata lililo bora. Na wako ambao sauti ya mate mdomoni, au kucha zikigonga, huwatia ghadhabu ya kweli mpaka moyo ukawaenda mbio, na kuwalazimisha wavumilie ni kuwatesa. Hata kwa wale wanaofaidika, nafuu ina mpaka. Waulizwa wa Swansea waliokuwa na huzuni nzito walisema walipata ahueni, lakini ahueni hiyo ilififia baada ya saa chache, na asubuhi sababu za huzuni zilikuwa mahali pake. Igizo la daktari halitibu ugonjwa, na muuguzi wa kioo hatakuja na maji ya kunywa.

Lakini sikubaliani na wale wanaoyaona maigizo haya kuwa ni aibu ya zama zetu, eti watu wamefikia hali ya kununua huruma mtandaoni. Mtu aliyehamia mji mkubwa kwa ajili ya riziki, akaishi chumba kimoja mbali na jamaa zake, akarudi saa nne za usiku na kuamka saa kumi na moja za alfajiri, hana shangazi wa kumsuka wala bibi wa kumkanda. Na ikiwa nusu saa ya sauti ya upole humlaza bila dawa, bila pombe na bila kumdhuru mtu, basi amepata faraja ya halali na hapaswi kuchekwa. Zaidi ya hayo, mafanikio ya daktari wa maigizo yana habari kwa madaktari na wauguzi wa kweli. Mambo yanayowapendeza mamilioni ya watazamaji ni kutazamwa usoni, kuulizwa jina, kuambiwa kitakachotendwa kabla hakijatendwa, na kutoharakishwa. Na ukiondoa lile la mwisho, hayo yote huwezekana hata katika zahanati yenye foleni ndefu.

Msomaji atakaye kujaribu na aanze na igizo fupi la kinyozi au la fundi cherehani kabla hajaenda kwenye la kidaktari, maana wapo ambao koti jeupe huwakumbusha mabaya. Avae spika masikioni, lakini sauti iwe ya chini kabisa isikikayo, kwa kuwa mnong'ono uliokuzwa sana huudhuru usikivu kama kelele nyingine yoyote. Simu ailaze kifudifudi, kwani mwanga wa kioo hufukuza kile ambacho sauti inakiita. Na kama anaweza, aipakue video mapema, asije akagutushwa na tangazo la biashara lipigalo kelele pale pale anaposinzia. Asisikilize aendeshapo chombo barabarani. Na aliyekosa usingizi usiku tatu au zaidi katika kila juma kwa muda wa miezi mitatu, au anayekoroma huku pumzi zikimkatika, au ambaye huzuni imemfikisha mahali pa kutotaka kuishi, asikae na video. Amwendee daktari aliye hai, amweleze yote.